Hadithi fupi za Kanada: mbona zinaishia njiani, na nianze na kitabu gani?

"Shikamoo mwalimu. Dada yangu anaishi Edmonton huko Kanada na mwezi wa kumi na mbili anakuja nyumbani Mwanza, ameniambia nimtajie vitabu vitatu au vinne vya hadithi fupi vya waandishi wa huko wa siku hizi aniletee. Mimi nimemsoma Alice Munro tu, tulipewa hadithi zake mbili chuoni na kusema kweli sikuzielewa, zinaishia njiani, unafunua ukurasa unakuta hadithi imekwisha na hujui ikawaje. Rafiki yangu anasema hadithi fupi ni mazoezi ya mtu ambaye riwaya bado haijamkubali, kwa hiyo nisipoteze nafasi ya begi la watu, niagize riwaya. Mimi pia naandika andika hadithi kwenye daftari na nilitamani nijifunze kwao. Je nichague zilizoshinda tuzo? Naomba ushauri wako."

Marahaba, karibu sana. Swali lako lina maswali kama manne ndani yake ila lililokuuma zaidi naona ni lile la mwisho wa hadithi, kwamba ulisoma vizuri tu ukafika mwisho ukaona umeachwa, na nahisi kimoyomoyo ulijilaumu, ukasema labda Kiingereza changu hakitoshi au akili yangu haijafika huko. Toa hilo wazo kabisa. Nimefundisha hadithi fupi miaka mingi na hilo ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila darasa, tena la wanafunzi wazuri, wale wanaosoma kweli mpaka neno la mwisho.

Sababu yake iko kwenye malezi yetu ya hadithi. Bibi akisema hadithi hadithi tunaitikia hadithi njoo, na tulijua kabisa mwisho mwovu ataumbuka na mwema atapata chake, hadithi yangu imeishia hapo. Tukaenda shule mtihani ukatuambia taja mafunzo matano yatokanayo na hadithi hii. Kwa hiyo tukishika kitabu macho yanakimbilia ukurasa wa mwisho kutafuta funzo, na hakuna ubaya, hiyo ni aina moja ya hadithi na ina utamu wake. Lakini mwandishi wa hadithi fupi wa siku hizi, awe wa Toronto au wa popote, mara nyingi jambo lenyewe analigeuza kabla ya mwisho, pengine katikati kabisa, halafu kurasa zilizobaki anakuacha umwangalie mtu anavyoishi na kile alichokwisha kukijua. Sasa ukifika mwisho usiulize "ikawaje baadaye", uliza nani hapa anajua kitu ambacho mwanzoni alikuwa hakijui, na ameamua kukifanyia nini. Swali hilo moja litakufungulia hadithi nyingi sana.

Nikuoneshe kwa hadithi yenyewe. Yuko mwandishi anaitwa Souvankham Thammavongsa, alizaliwa 1978 kwenye kambi ya wakimbizi wa Laos pale Nong Khai, Thailand, akakulia Toronto. Mwaka 2020 alitoa mkusanyiko unaoitwa How to Pronounce Knife na hadithi ya kwanza ndiyo imebeba jina hilo. Mtoto wa shule amerudi nyumbani na kitabu cha kusoma, anakwama kwenye neno moja, knife, yaani kisu, anamuuliza baba kwa sababu nyumba nzima baba ndiye pekee anayejua kusoma. Baba anamtamkia herufi zote mpaka ile K ya mbele ambayo Waingereza hawaitamki. Siku ya kusoma darasani mtoto anasoma vilevile alivyofundishwa, anasahihishwa, anakataa, anabisha mpaka anapelekwa ofisini kwa mwalimu mkuu, maana baba amesema na baba hawezi kukosea. Usiku wakiwa wanakula mtoto anamtazama baba yake, na hamwambii. Hamwambii kuhusu ile herufi wala hamwambii kuhusu ofisini. Hadithi inakaribia kuishia hapo.

Ukisoma kwa kutafuta funzo utasema mbona hakuna kilichotokea. Ukisoma kwa lile swali langu utaona kimetokea kitu kikubwa mno, mtoto wa darasa la chini kabisa amegundua kwamba baba yake kuna vitu havijui, na siku hiyohiyo ameamua kumfichia aibu. Kuanzia hapo ni yeye anayemlinda baba. Mwandishi angeongeza hata aya moja ya kutueleza hivyo angekuwa ametunyang'anya, kwa sababu utamu wake ni wewe msomaji kukiona mwenyewe ukiwa umekaa na kitabu mapajani.

Kwa Munro kuna shida nyingine ya pili juu ya hiyo, nayo ni muda. Munro anakuwa na hadithi ya kurasa thelathini halafu humo ndani kapitisha miaka arobaini, anaruka mbele, anarudi nyuma, anaruka tena, na hakupigii honi. Wanafunzi wanapotea hapo si kwenye Kiingereza. Chukua zile hadithi mbili za chuoni, kama bado unazo, shika penseli, kila mahali muda unaporuka weka alama pembeni na uandike mhusika ana umri gani sasa hivi. Utashangaa. Ila kwa kuwa unaishi mbali na mazungumzo ya huko ni vizuri ujue pia kwamba Munro alifariki Mei 2024 na miezi miwili baadaye binti yake mdogo alieleza hadharani kwamba alinyanyaswa kingono na baba yake wa kambo alipokuwa mtoto, kwamba yule mzee alikiri kosa mahakamani 2005, na kwamba mama yake alijua na bado akabaki naye. Wasomaji wengi wa Kanada sasa wanamsoma kwa uzito mwingine na wapo waliomweka pembeni kabisa. Mimi bado namfundisha, maana ufundi wake ni shule, lakini nawaambia wanafunzi hilo jambo kabla hatujafungua kitabu. Wewe utaamua mwenyewe, na kwa safari hii nisingekushauri uanze naye tena.

Sasa rafiki yako. Mwambie kwa upendo kwamba kwa nchi ile hasa amekosea. Munro alipata Nobel ya fasihi 2013 na karibu vitabu vyake vyote ni vya hadithi fupi. Na haikutokea kwa bahati tu ya mtu mmoja mwenye kipaji. Redio ya taifa, CBC, ilikuwa na kipindi kinaitwa Anthology kuanzia 1954 mpaka 1985, chini ya mtu anaitwa Robert Weaver, kazi yake ilikuwa kununua hadithi na mashairi ya waandishi wasiojulikana na kuyasoma hewani, na Munro ni mmoja wa waliouza hadithi zao kwake akiwa bado mama wa nyumbani anayeandika watoto wakilala. Fikiria, mwandishi yuko kijijini huko kwenye baridi, hana wa kumsomea kazi yake, halafu yuko mtu redioni anajibu barua na analipa. Nchi iliyofanya hivyo miaka thelathini lazima iote waandishi wa hadithi fupi.

Na mpaka leo kuna ngazi ya kupandia. Kuna majarida kama The Fiddlehead la Fredericton ambalo limekuwepo tangu 1945, na The Malahat Review la Victoria, mwandishi anatoa hadithi moja moja humo. Kumekuwa na Journey Prize, tuzo ya hadithi za waandishi wanaochipukia, ambayo fedha yake ya mwanzo ilitokana na mwandishi wa Marekani James Michener kutoa mapato yake ya Kanada ya riwaya moja. Toleo la 2023 la kitabu cha hadithi za tuzo hiyo lilikuwa la waandishi Weusi pekee. Kuna wachapishaji wadogo kama House of Anansi wa Toronto, Biblioasis wa Windsor na Arsenal Pulp Press wa Vancouver ambao wanapata ruzuku kutoka Canada Council, baraza la sanaa la taifa lililoanzishwa 1957, ndiyo maana wanaweza kuthubutu kuchapa kitabu cha kwanza cha mtu ambaye hakuna anayemjua. Rafiki yako ana ukweli kidogo hapa, sitamkatalia chote: kibiashara riwaya inauzwa zaidi, na wachapishaji wakubwa humuuliza mwandishi wa hadithi fupi "na riwaya lini?" Lakini hilo ni swali la duka. Kuandika hadithi ya kurasa kumi ambayo hakuna neno la kutoa ni kazi ngumu na inajitosheleza yenyewe.

Haya, tuje kwenye begi.

Kitabu cha kwanza aje na How to Pronounce Knife, hilo sina shaka. Hadithi zake ni fupi kweli, kurasa chache chache, sentensi nyepesi, kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani ni mahali pazuri sana pa kuanzia. Watu wake ni wakimbizi wa Laos na kazi zao, kiwanda cha kuku, saluni ya kucha ambako bondia mstaafu anajifunza kupaka rangi vidole vya wanawake. Ipo moja inaitwa Picking Worms, naipenda kuliko zote, mama na binti yake wanatoka usiku wa manane kwenda shambani kuokota minyoo kwa mikono, kazi ambayo kusini mwa jimbo la Ontario ipo kweli na minyoo inauzwa kwa wavuvi kuwa chambo. Mama ni fundi, anajua kuushika mnyoo usikatike, hakuna anayemfikia. Binti ndiye anayemleta kijana mmoja wa shuleni kwao, mzungu, aje naye ajipatie hela, na haupiti muda kijana aliyejifunza kazi juzi ndiye anafanywa bosi, anabadilisha utaratibu wote, na mama aliyekuwa bingwa anabaki chini yake. Hakuna anayepiga kelele kwenye hadithi ile. Mimi nikifika hapo huwa nasimama kusoma nakaa kidogo, maana sote tunamjua huyo mama.

Cha pili, Shut Up You're Pretty cha Téa Mutonji, 2019. Huyu alizaliwa Kongo ya Kinshasa, akakulia Scarborough upande wa mashariki wa Toronto, na hadithi zote zinamfuata msichana mmoja, Loli, tangu familia yake inafika kutoka Kongo na kupangishwa mtaa wa Galloway mpaka anakuwa mwanamke mzima. Kilishinda tuzo ya Trillium ya jimbo la Ontario 2020 na kikawa miongoni mwa vitabu vitano vya mdahalo wa Canada Reads wa CBC mwaka 2024. Nakupa tahadhari ya wazi, kina mambo mazito, ngono, kulazimishwa, kutoa mimba, kifo, na hakifichi. Kama kuna jambo la namna hiyo limekupata maishani au limempata mtu wako wa karibu, usikisome peke yako usiku ukanyamaza nalo. Ukiona hadithi imekufungua kidonda, funga kitabu, zungumza uso kwa uso na mtu unayemwamini, au nenda kwenye huduma ya ushauri nasaha hospitalini. Kitabu kitakusubiri.

Cha tatu, Frying Plantain cha Zalika Reid-Benta, nacho cha 2019, na hiki kwa ajili ya uandishi wako wewe ndicho nakuonea wivu kwamba utakisoma kwa mara ya kwanza. Msichana anaitwa Kara, mama yake na bibi yake asili yao Jamaika, wanaishi Toronto maeneo ya barabara ya Eglinton ambako maduka na migahawa ni ya Wajamaika. Hadithi ya kwanza Kara amepelekwa Jamaika kutembea, anafungua friza ya ndugu anakutana na kichwa kizima cha nguruwe kimeganda, anapiga ukelele, binamu zake wanamcheka kwa sababu kwao ni kitu cha kawaida. Akirudi Kanada anawasimulia wenzake shuleni, na kila akisimulia anaongeza, mpaka inafika mahali yeye mwenyewe ndiye alishiriki kumchinja nguruwe! Kule alikuwa mtoto laini wa ulaya, huku anataka awe shujaa wa kijijini. Mtu yeyote ambaye ndugu zake wamewahi kuja likizo kutoka nje atamwelewa huyu mtoto kuanzia mstari wa kwanza, na dada yako usimwambie nimesema, ila mpe akisome kwenye ndege.

Kama nafasi ya nne ipo nitakuwa mkweli kwako kwamba inategemea unataka nini. Dada yako yuko Edmonton, na Norma Dunning, mwandishi wa Kiinuiti (wenyeji wa asili wa kaskazini kabisa mwa Kanada) ambaye amefanya kazi zake palepale, alishinda tuzo ya fasihi ya Gavana Mkuu wa Kanada 2021 kwa Tainna, hadithi sita za Wainuiti wanaoishi kusini mbali na kwao Aktiki, wengine mitaani bila nyumba. Hicho kitakuonesha Kanada ambayo kwenye picha za theluji na majani mekundu huioni. Ukitaka kitu cha karibu na nyumbani yupo M.G. Vassanji, amezaliwa Nairobi, amekulia Dar, na tangu Uhuru Street cha 1991 anawaandika Wahindi wa mitaa ya Dar, kitabu chake cha hadithi cha 2021 kinaitwa What You Are. Yupo pia Djamila Ibrahim aliyezaliwa Addis Ababa akahamia Kanada 1990, Things Are Good Now cha 2018 ni hadithi za watu wa upande wetu huu wa Afrika waliotawanyika mpaka Uarabuni na Kanada, na hicho ningekipa nafasi ya nne mimi kama ningekuwa wewe. Peacocks of Instagram cha Deepa Rajagopalan, 2024, nacho kizuri, Wahindi wa ughaibuni, kinachekesha na kuuma.

Usianze na Code Noir. Nakitaja kwa sababu utakutana nacho kila mahali, Canisia Lubrin amekitoa 2024 na 2025 kikapata Carol Shields Prize, zawadi ya dola laki moja na nusu za Marekani. Amechukua sheria ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa ya mwaka 1685, ile ya kuwatawala watumwa kwenye makoloni, akaandika hadithi 59 kuzijibu zile ibara zake. Ni kazi kubwa sana, naiheshimu mno, lakini hadithi nyingine humo ni ukurasa mmoja, nyingine ni kama shairi, na ukiingia nacho bila kuzoea utarudi kulekule kwa "sikuelewa". Kiache mpaka mwakani.

Kuhusu tuzo. Kubwa ni Giller, ipo tangu 1994, riwaya na hadithi fupi zinashindana pamoja, na hadithi fupi zimeshinda si mara moja, Munro mara mbili 1998 na 2004, Lynn Coady 2013, Thammavongsa 2020. Lakini elewa tuzo inavyofanya kazi, ni watu wachache wamekaa mwaka huo, wamesoma rundo, wamekubaliana. Mwaka mwingine watu wengine wangechagua kingine. Frying Plantain kiliishia kwenye orodha ndefu ya Giller tu na kwako wewe kina faida kuliko washindi wengi. Kwa mtu anayetafuta sauti mpya ningesema afuatilie zaidi tuzo ya Danuta Gleed, hiyo ni ya mkusanyiko wa kwanza tu wa mwandishi, inatolewa na chama cha waandishi cha Kanada. Na kama hela ni ngumu, CBC wana shindano lao la hadithi fupi kila mwaka na hadithi iliyoshinda wanaiweka mtandaoni bure, unasoma kwenye simu yako leo hii hii kabla dada hajakata tiketi.

Namna ya kusoma: hadithi moja kwa siku, basi. Ni kama chai ya tangawizi kali, ukinywa vikombe sita mfululizo ulimi unakufa ganzi na cha saba husikii kitu. Cha Thammavongsa unaweza kuruka ruka ila cha Mutonji na cha Reid-Benta soma kwa mpangilio maana msichana anakua, ukianza katikati utavuruga.

Na kwa daftari lako. Chukua Picking Worms, inakili ukurasa mmoja kwa mkono, kwa kalamu, pole pole, uone anaanza sentensi wapi na anaacha nini bila kusema. Halafu andika hadithi yako kwa Kiswahili chako, ya watu wa Mwanza, ya yule mama anayeanika dagaa pale Kirumba au yeyote unayemjua vizuri, usimpeleke Toronto kwenye theluji ambayo hujawahi kuikanyaga. Ukimaliza kata aya ya mwisho, ile uliyoeleza maana ya hadithi, halafu soma tena uone kama hadithi imepungukiwa. Mara nyingi haipungukiwi. Ila kuna kitu mimi siwezi kukufanyia nikiwa mbali hivi, kukaa na hadithi yako mstari kwa mstari. Hilo linataka mtu mbele yako. Tafuta mwalimu wa fasihi aliyekufundisha chuoni, au nenda maktaba ya mkoa uulize kama kuna watu wanaokutana kusomeana, na kama hawapo wawili watatu wanatosha kuanzisha. Msomee mtu kwa sauti, angalia uso wake unapobadilika na pale anapoanza kuangalia simu, weka alama hapo hapo.

Dada mwambie atafute vilivyotumika kwanza, kipya ni kama dola ishirini za huko na vya mitumba huwa bei ya chini zaidi, na vingi vya hivi ni vyembamba, vinne havitajaza begi. Riwaya ya rafiki yako aagize na yeye, nafasi itabaki.